Randa ya njia tatu kwenye umeme wa njia moja: uchague vifaa gani vya kibadilisha njia

Swali: "Nina karakana ya useremala hapa Nachingwea na umeme nilio nao ni wa njia moja. Nimenunua mashine ya randa iliyotumika, yenye mota ya njia tatu ya kilowati 2.2, na msumeno wa meza wenye mota ya njia tatu ya kilowati 1.5. Rafiki yangu amenishauri nitengeneze mwenyewe kibadilisha njia, yaani mtambo wa kupata umeme wa njia tatu kutoka njia moja, kwa kutumia mota nyingine ya njia tatu, nami nimekwisha pata mota ya kilowati 4 kwa bei nzuri. Kibati chake kimeandikwa 380 V, delta, 8.8 A. Kibati cha randa kimeandikwa 220/380 V, delta/sta, 8.6/5.0 A, na cha msumeno nacho kina 220/380. Fundi mmoja ananiambia kapasita yoyote ya pampu au ya feni itafaa, mwingine anasema mtambo huu hupunguza matumizi ya yuniti za LUKU. Naomba kujua ninunue kapasita za ukubwa gani, kontakta gani, waya na breka za namna gani, ili nisije nikaunguza mota."

Ndugu yangu, umeandika yaliyomo kwenye vibati vya mota zote, na kwa kufanya hivyo umenirahisishia kazi, kwa kuwa jibu la swali lako linaanzia hapo. Wengi hukimbilia kununua kapasita kwanza, kisha kontakta, ile swichi inayoshika na kuachia kwa sumaku ya umeme, na volti za mota wanakuja kuziangalia mwisho, wakati moshi umekwisha toka. Hofu yako ya kuunguza mota ni ya haki, ila mota iliyo hatarini si ile unayoidhania, na kabla ya kukutajia ukubwa wa kapasita hata moja inanipasa nikueleze kwa nini mota ya kilowati 4 uliyoinunua haifai kwa kazi hii kama ilivyo.

Ndani ya mota ya njia tatu mna misokoto mitatu ya waya iliyopangwa kuzunguka rota, na umeme wa njia tatu huifikia kwa kupokezana, kiasi kwamba nguvu ya sumaku inazunguka na kuivuta rota pamoja nayo. Ukiipa mota hiyo njia moja tu, nguvu ya sumaku haizunguki tena, bali hupanda na kushuka mahali pamoja kama mchi kinuni, kwa hiyo mota hunguruma, haizunguki, na huvuta mkondo mkubwa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Lakini ikisukumwa kidogo tu ikaanza kuzunguka, itaendelea yenyewe hadi ifikie karibu mwendo wake wote, na hapo ndipo siri ya kibadilisha njia ilipo: rota inayozunguka huwa na sumaku yake, sumaku hiyo huupitia msokoto wa tatu usiounganishwa na TANESCO, na katika msokoto huo huzalishwa volti zinazopishana kwa wakati na zile za laini yako. Kwa maneno mengine, mota msaidizi inayozunguka bila kubeba mzigo inakuzalishia njia ya tatu, na njia nyingine mbili zinatoka moja kwa moja kwenye laini, yaani fezi na nyutro.

Sasa zingatia volti. Kati ya fezi na nyutro yako mna volti 230. Kibadilisha njia hakiongezi volti hizo hata kidogo, na kwa hiyo njia tatu utakazopata zitakuwa na takriban volti 230 kati ya waya na waya, si 400 kama zile za laini ya njia tatu ya TANESCO. Randa na msumeno wako vinaweza kuendeshwa hivyo, kwa sababu kibati cha 220/380 kinakuambia kwamba mota ikifungwa delta (misokoto mitatu ikiungana ncha kwa ncha kama pembetatu) inataka 220, na ikifungwa sta (ncha tatu zikikutana mahali pamoja) inataka 380. Fungua kisanduku cha nyaya juu ya mota ya randa. Ukikuta bolti sita na vipande vya shaba vimelala vikiunganisha bolti tatu za safu moja, hiyo ni sta. Vitoe uvisimamishe vitatu sambamba, kila kimoja kikiunganisha bolti ya juu na ya chini yake, na hapo utakuwa umeipata delta. Ukikuta nyaya tatu tu zinatoka, maana yake kiungo cha sta kimefichwa ndani ya misokoto, na kukifungua ni kazi ya fundi wa kusuka mota.

Mota yako ya kilowati 4 ni kisa kingine. Hiyo tayari ni delta kwa 380, na hakuna namna ya kuifunga ili ikubali 230 kwa ukamilifu wake. Ukiilisha 230 itapata asilimia 60 ya volti zake, na kwa kuwa msuli wa mota hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, utabaki na theluthi moja na ushee wa nguvu yake. Itazunguka, nawe utadhani umefaulu, hadi utakapowasha randa na kuona njia ya tatu inalegea, randa inanguruma bila kuchukua mwendo, na nyaya mbili za laini zinabeba mzigo wote peke yake. Mota itakayoungua hapo ni ya randa. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu mota nyingi zinazotengenezwa China, kuanzia kilowati 4 kwenda juu, hufungwa delta kwa 380, ilhali za kilowati 3 kushuka chini huwa 220/380.

Ushauri wangu ni kwamba ujaribu kuibadilisha na aliyekuuzia, upate ya kilowati 3 au 4 yenye kibati cha 220/380 au 230/400, na iwe ya mizunguko takriban 1,440 kwa dakika, maana hizo huanza kwa upole kuliko za 2,900. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mota msaidizi iwe na nguvu mara moja na nusu ya mota kubwa utakayoiendesha, na mara mbili kama mzigo unaanza ukiwa mzito, kama kompresa. Kwa randa ya 2.2 hiyo ni kilowati 3.3; kwa hiyo ya 4 ni bora, na ya 3 itatosha iwapo randa itaanza bila mbao na kusubiriwa ishike mwendo, usiilishe ubao wa mninga wakati bado inakusanya nguvu. Njia nyingine ni kumpa fundi wa kusuka hiyo mota uliyo nayo aisuke upya kwa delta ya 230, jambo linalowezekana lakini gharama yake inaweza kukaribia bei ya mota nyingine. Chaguo la tatu ni transfoma ya kupandisha 230 kuwa 400 kabla ya kibadilisha njia, isiyopungua kVA 6, ambapo mota msaidizi ingebaki delta na randa na msumeno vingefungwa sta. Njia hiyo ni safi kiufundi, ila transfoma ya ukubwa huo ni nzito na ghali, na kwa karakana yenye mashine mbili ndogo siipendekezi.

Kuhusu LUKU, aliyekuambia mtambo huu unapunguza yuniti amekupotosha. Nguvu yote inayokata ubao inatoka kwenye mita yako, na juu yake mota msaidizi inakula yake kwa ajili ya joto na msuguano, wati mia mbili hadi mia nne hivi kwa mota ya ukubwa tunaouzungumzia. Ikila wati 300 na ukaiacha izunguke saa nane, hizo ni zaidi ya yuniti mbili hata kama hukuranda kitu. Izime unapokwenda kula.

Tuje kwenye kapasita. Ziko za aina mbili na hazibadilishani kazi. Kapasita ya kuanzia, ambayo kwa kawaida ni nyeusi ya plastiki, ina uwezo mkubwa ndani ya umbo dogo, lakini imeumbwa ikae kwenye umeme kwa sekunde chache tu. Ukiisahau humo itachemka na kupasuka. Kapasita ya kudumu, ya filamu ya plastiki, mara nyingi ndani ya kopo la alumini, ina uwezo mdogo kwa umbo lake, lakini inavumilia umeme mchana kutwa. Fundi aliyekuambia kapasita yoyote ya pampu au feni itafaa hakukutendea haki, maana za feni ni za maikrofaradi chache mno, na ile ya kuanzia ya pampu, ikiachwa kwenye laini, ndiyo inayopasukia watu usoni.

Kazi ya kapasita ya kuanzia ni kuipa mota msaidizi ule msukumo wa kwanza, na huunganishwa kati ya fezi na njia ya tatu. Kwa volti 230 na hezi 50, anzia maikrofaradi 80 hadi 120 kwa kila kilowati ya mota msaidizi, yaani 240 hadi 360 kwa mota ya kilowati 3. Chagua zilizoandikwa volti 330 za umeme wa AC badala ya 250, kwa sababu njia ya tatu hupanda juu kidogo mwendo unapokamilika. Kapasita ya maikrofaradi 300 kwenye volti 230 hupitisha karibu ampea 22, kwa hiyo haiwezi kuunganishwa kwa waya wa taa wala kuwashwa kwa swichi ya ukutani.

Kapasita za kudumu hukaa pande zote mbili, kati ya fezi na njia ya tatu na kati ya nyutro na njia ya tatu, na kazi yake ni kuinua volti za njia ya tatu ziwiane na zile nyingine mbili mzigo unapowekwa. Hapa anzia maikrofaradi 20 kwa kila kilowati kwa kila upande, yaani 60 na 60 kwa mota ya kilowati 3, nawe uzinunue zikiwa vipande vya 20 na 30 ili uweze kuongeza na kupunguza, kwa maana ukubwa wa mwisho hutolewa na mita, na mara nyingi pande mbili hazilingani. Ziwe za volti 450 AC, zisipungue. Kila kapasita iwekewe kizuizi (rezista) kidogo cha kuimaliza nguvu baada ya kuzima: kilo-omu 15 cha wati 2 kwa zile za kuanzia, kilo-omu 100 cha wati 2 kwa zile za kudumu. Bila hicho, kapasita inaweza kukupiga muda mrefu baada ya breka kushushwa, na pigo lake si la kuchezea.

Kwenye kontakta ndipo ninapokuomba usibanie fedha, na sababu yangu ni kukatika kwa umeme. Fikiria randa na mota msaidizi vinazunguka, umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika tano ukiwa umesimama nje na mteja. Kama mtambo umewashwa kwa swichi ya kawaida, mota zote mbili zitapata umeme zikiwa zimesimama, kapasita za kuanzia hazipo kwenye mzunguko, hakuna kitakachozunguka, na zote zitanguruma zikivuta mkondo mara tano na zaidi hadi ziungue. Dawa yake ni kontakta yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima, inayojishikilia kwa kontakti yake ndogo ya pembeni: umeme ukikatika inaachia, na ukirudi haishiki hadi wewe mwenyewe ubonyeze.

Unahitaji kontakta tatu. Ya kwanza ni ya laini, ya ampea 32 au 40 kwa daraja la AC-3, yaani la kuwashia mota, inayokata fezi na nyutro kwa pamoja, kwa sababu katika mtambo huu nyutro ni mojawapo ya njia zinazobeba mzigo. Ya pili, ya ampea 32, ni ya kapasita za kuanzia, na inaweza kuendeshwa kwa kitufe unachokishikilia kwa sekunde moja au mbili hadi usikie mota imeshika mwendo. Wenye uwezo huweka relei, swichi ndogo inayojiendesha yenyewe, inayohisi volti za njia ya tatu na kuziondoa kapasita yenyewe, jambo ambalo ni bora kama kuna vijana watakaowasha mtambo usipokuwepo. Ya tatu ni ya kupeleka njia tatu kwenye mashine, na iwe na relei ya muda ili isishike kabla mota msaidizi haijakamilisha mwendo. Unaponunua, soma volti zilizoandikwa kwenye koili, ule msokoto unaoivuta kontakta, maana kontakta nyingi zilizotolewa kwenye mbao za umeme za njia tatu zina koili ya 380 na hazitashika kwa 230. Koili zote, pamoja na taa na swichi za mashine, zilishwe kutoka fezi na nyutro halisi, kamwe zisilishwe kutoka njia ya tatu, ambayo volti zake huyumba mzigo unapobadilika.

Kila mashine iwe na ovalodi yake, kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, yenye kuhisi nyaya zote tatu. Kwa randa irekebishwe kwenye ampea 8.6, ile namba ya delta; ukiiweka kwenye 5.0 itakatisha kazi kila mara, na ukiipandisha hadi 12 ili isikusumbue utakuwa umeondoa ulinzi wote.

Waya na breka ni hesabu fupi. Randa ikibeba mzigo wake wote, laini yako ya njia moja itavuta takriban ampea 17 hadi 20, na karibu 28 kama msumeno nao utakuwa unafanya kazi. Breka ya pande mbili ya ampea 32, aina ya C, inayovumilia mkondo mkubwa wa kuanzia, inafaa, na waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kutoka ubao mkuu wa umeme hadi karakana. Usishawishike na waya wa 2.5. Kwa umbali wa mita 30, wakati mota msaidizi inaanza na kuvuta ampea 65 hivi, waya wa 6 utapoteza volti 14, wakati ule wa 2.5 utapoteza zaidi ya 30, na mota isiyopata volti zake wakati wa kuanza inakawia kuzunguka huku kapasita zikichemka. Uliza pia kama mita na breka yako kuu vinabeba mzigo huo, na usiunganishe nyutro na bodi, yaani mwili wa chuma, ya mashine kwa kisingizio cha ethi. Ardhi ya kichanga, ambayo huku kwetu kusini ni nyingi, hupitisha umeme vibaya ikikauka, kwa hiyo fimbo ya ethi ipimwe kwa kifaa chake, tena wakati wa kiangazi, na pawepo kifaa cha kukata umeme unaovuja. Vifaa vyote vikae ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, kwa kuwa vumbi la mbao hushika moto na huingia kwenye kontakti. Ungekuwa Lindi mjini au Mikindani ningekuongezea hadhari ya chumvi ya bahari.

Sasa nikupe uzito wa njia mbadala, maana sipendi utengeneze mtambo huu kwa kudhani hauna mbadala. Kama ungekuwa na randa peke yake, ningekuambia bila kusita ununue inveta ya mota, ile inayoingiza 230 ya njia moja na kutoa 230 ya njia tatu. Ya kilowati 2.2 inapatikana madukani, inaianzisha mota taratibu bila kuyumbisha taa za jirani, na haina kapasita za kubuni. Udhaifu wake ni kwamba huchukia vumbi na joto, na kila mashine huhitaji ya kwake. Chaguo la pili, ambalo watu hulidharau, ni kuitoa mota ya njia tatu kwenye randa na kufunga ya njia moja yenye nguvu na mwendo uleule, kwa kuwa randa nyingi huendeshwa kwa mkanda na mota ni rahisi kubadilishwa. Chaguo la tatu ni kwenda ofisi ya TANESCO kuuliza kama njia tatu zimefika mtaani kwako. Ukiona laini ndogo, ile inayolisha nyumba, ya nguzo za karibu ina nyaya nne, dalili ni njema, na katika hali hiyo gharama ya kuunganishwa huenda ikashinda yote niliyoyaeleza, kwa kuwa hata mota yako ya kilowati 4 ingepata kazi. Kibadilisha njia kinastahili pale penye mashine mbili au zaidi na laini ya njia tatu haipo, nawe kwa maelezo yako huenda uko hapo hasa.

Ukiamua kukijenga, umbo na maunganisho unaweza kuyaandaa mwenyewe, lakini uunganishaji kwenye ubao mkuu na upimaji wa kwanza ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukikosa wa karibu, walimu wa umeme wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaweza kukuelekeza kwa mtu. Mwashe mota msaidizi peke yake kwanza, mpime volti kati ya kila waya na mwenzake, kisha muwashe randa na kupitisha ubao wa kawaida huku mkisoma volti na ampea za njia zote tatu. Volti zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5 wakati wa mzigo, badilisheni kapasita za kudumu kidogo kidogo, upande mmoja kwa wakati, kwa kuwa tofauti ndogo ya volti huzaa tofauti kubwa mara kadhaa ya ampea. Baada ya nusu saa ya kazi, zimeni, mshushe breka, kisha mguse bodi ya mota ya randa na makopo ya kapasita za kudumu. Mota ikiwa ya moto kiasi cha kutovumilika kwa mkono, au kapasita yoyote imevimba, au ovalodi imekata ilhali ampea hazijazidi zile za kibati, msiwashe tena hadi sababu ijulikane.